Kabla ya Programu ya Simu, Tuzishike Kwanza Ruti za Daladala

Hotuba kwa mkutano wa jumuiya ya programu huria, Dar es Salaam

Wakubwa wote mliofika, shikamooni. Rika langu, habari za Jumamosi. Na wadogo zangu wa vyuoni mliojazana kule nyuma karibu na soketi za umeme, nimewaona, wala siwalaumu.

Nimepewa nafasi hii kupendekeza mradi mpya. Ombi langu nitalitoa mwanzoni kabisa, ili anayetaka kutoka akanywe chai ajue anachokiacha. Naomba jumuiya hii iupokee na kuulea mradi wa programu huria, ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa wote, unaoshughulika na data za ruti za daladala za Dar es Salaam. Programu yenyewe itasoma ruti zilizochorwa kwenye OpenStreetMap (OSM), ramani ya dunia inayochorwa na wanaojitolea, na kuzikagua. Itatuambia hapa njia imekatika, hapa kituo kimekaa mita 80 kutoka barabarani, hapa kuna kwenda lakini hakuna kurudi. Ruti iliyo nzima itaitoa katika muundo wa GTFS, ambao programu za kupanga safari zinausoma duniani kote.

Basi, ni hiyo tu. Programu ya simu haimo. Najua wengi mlitegemea kuona simu kwenye projekta, yenye rangi na nembo na kitufe cha "nipeleke nyumbani". Kifaa ninachokileta kinatema mistari ya maandishi kwenye skrini nyeusi, na nusu ya mistari hiyo ni malalamiko. Lakini kila programu ya safari itakayotengenezwa kwa ajili ya jiji hili, iwe yetu au ya mgeni, itakwama palepale: data ya ruti haipo, au ipo imechakaa, au imeshikwa na mtu mmoja asiyetaka kuiachia. Ndiyo maana nang'ang'ania tuanzie chini.

Leo hii ruti ya daladala inakaa sehemu tatu. Iko kwenye leseni inayotolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Iko kwenye gari lenyewe, kwa maandishi ya mbele na ule mstari wa rangi ubavuni. Na iko mdomoni mwa konda. Mara nyingi hizi tatu zinakubaliana, ila si kila saa. Gari limeandikwa Mbagala Rangi Tatu–Makumbusho. Inapofika saa 1 jioni foleni imekaza, dereva anageuzia njiani, abiria mnaambiwa mwisho wa gari ni hapa. Aliyekulia mjini anashuka, anasonya, anatafuta gari jingine. Mgeni aliyeshuka jana na basi la Mwanza pale stendi ya Magufuli, Mbezi, anabaki na begi lake akiuliza watu, na kila anayemuuliza anamwelekeza upande wake.

Msinisikie vibaya. Utaratibu huu umelibeba jiji tangu miaka ya 1980, na mpiga debe wa kituo cha Simu 2000 anaujua mtandao wa usafiri kuliko sisi wote tuliomo humu. Tatizo ni kwamba ujuzi wake unamfaa anayeweza kumsikia na kumwelewa. Kiziwi haupati. Mwanafunzi wa mipango miji anayetaka kujua ni mitaa gani ya Kitunda iko mbali na ruti yoyote haupati. Na ujuzi wa mdomoni hauna tarehe. Mwaka 2016 mwendokasi ulipoanza kutoka Kimara kwenda Kivukoni, daladala zilizokuwa zikitumia Barabara ya Morogoro zilihamishiwa ruti nyingine. Ingekuwapo hazina wazi ya ruti, yenye tarehe, leo mtu angechukua picha ya kabla na picha ya baada, akaziweka pamoja, akapima nani alirahisishiwa safari na nani alianza kutembea kwa mguu. Barabara nyingine za mwendokasi zinakuja. Kila inapofunguliwa moja, ruti zinazoizunguka zinahama, na kumbukumbu ya zilivyokuwa inapotea ndani ya mwaka.

Kuna atakayeniuliza, mbona Google Maps ipo? Ipo, na mimi naitumia. Lakini data yake ni ya kuangalia. Huwezi kuichukua ukaijengea kitu chako, na masharti yake hayaruhusu kuinakilia OSM. Hilo nalisema kwa sauti kwa sababu najua haraka zetu: mchango wowote ulionakiliwa kutoka ramani ya Google tutauondoa, hata ukiwa sahihi kwa sentimita. OSM iko chini ya leseni ya data huria iitwayo ODbL tangu 2012. Chukua, tumia, hata uza, ilimradi utaje chanzo, na hifadhidata uliyoiboresha na kuitoa hadharani uiache wazi kwa masharti yaleyale. Orodha ya ruti za LATRA nayo ingetusaidia sana kujua tunachokikosa, ila bila kibali cha maandishi haiingii. Hiyo ni kazi ya barua na kufuatilia barua. Tunahitaji mtu mwenye subira ya aina hiyo, na mara nyingi huyo hajui hata mstari mmoja wa Python, lugha ya kuandikia programu. Karibu sana.

Wenzetu wametutangulia. Nairobi, mradi wa Digital Matatus uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Nairobi, vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, na kampuni ya Groupshot uliwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu zenye GPS. Mwaka 2014 wakatoa hadharani data na ramani ya ruti zaidi ya 130, na mwaka uliofuata data hizo zikaingia Google Maps. Uangalieni vizuri huo mwelekeo: data ilianza wazi, kampuni ikaja kuichukua. Kurudi kinyume, kutoka kwa kampuni kuja kwa wananchi, kunahitaji miujiza. Cochabamba, Bolivia, ambako gari za aina hii huitwa trufi, watu waliweka ruti ndani ya OSM kisha ikatengenezwa programu huria ya kuzisoma. Na hapa kwetu, tangu 2015, Ramani Huria iliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mitaro, nyumba na njia za miguu. Ukiifungua Dar es Salaam kwenye OSM leo unaona vichochoro vya Tandale kimoja kimoja. Barabara tumeshachorewa. Kilichobaki ni kusema gari gani linapita juu yake.

Sasa niwaonyeshe ugumu uko wapi, maana pendekezo lisilo na ugumu ndani yake linatia shaka.

GTFS ilizaliwa Portland, Marekani, mwaka 2005, kwa ushirikiano wa TriMet, shirika la usafiri la mji huo, na Google. Ni mafaili ya maandishi tu, yanayofungwa kwenye zipu moja: la vituo, la ruti, la safari, na moja kubwa la nyakati. Faili la nyakati linataka uandike kwamba basi linafika kituo fulani saa 2:14 asubuhi. Nani humu amewahi kupanda daladala ya saa 2:14? Daladala inaondoka ikijaa. Kwa bahati muundo huu una faili jingine la hiari, ambalo unaandika tu kwamba kati ya saa hii na saa ile gari linapita kila baada ya sekunde 600, kwa mfano. Sisi tutaishi kwenye faili hilo. Na hapo kuna mtego wa kwetu peke yetu: anayekusanya data kituoni ataandika saa 1 asubuhi, maana ndivyo saa inavyosomwa hapa, na kompyuta itaielewa kuwa saa moja baada ya usiku wa manane. Fomu yetu lazima ipokee saa ya Kiswahili na iigeuze yenyewe. Tukimwachia mkusanyaji ageuze kichwani akiwa amesimama juani, tutapata daladala zinazojaa wanafunzi saa 7 usiku.

Ndani ya OSM, ruti ni kundi la vipande vya barabara vilivyopangwa kwa mfuatano pamoja na vituo vyake. Kwenda ni kundi moja, kurudi ni jingine. Mpango huu ni mzuri ila unavunjika kimyakimya. Mtu wa mbali, kwa nia njema kabisa, anakata kipande cha barabara ili aonyeshe daraja, na ruti iliyopita hapo inabaki na pengo. Fikirieni Ubungo, pale palipofunguliwa daraja la Kijazi mwaka 2021. Makutano yakibadilika kiasi kile, kila ruti inayopita lazima ipangwe upya. Kwa macho huoni kitu, maana ramani inapendeza vilevile. Programu ya kupanga safari, hata hivyo, ikifika kwenye pengo la mita 12 inaona mwisho wa dunia. Kifaa chetu kitapita kila usiku na kuandika, kwa Kiswahili, kitu kama hiki: "Ruti Mbagala Rangi Tatu–Makumbusho, kurudi: pengo la mita 34 baada ya kituo cha Morocco." Anayeusoma ujumbe huo anajua aende wapi na atengeneze nini.

Halafu kuna vituo. Ukitoka Mwenge kuja mjini konda anaita Bamaga, Sayansi, Makumbusho, Victoria, Morocco. Kila jina lina pande mbili za barabara, na pande hizo mara nyingi hazitazamani. Jina moja, alama mbili, na umbali wa kati yao unaweza kukuchosha ukiwa na mzigo. Ugomvi mkubwa utakuwa kwenye majina. Kibao kikisema hili na konda akiita lile, tunaandika lipi? Msimamo ninaoupendekeza ni kwamba jina la konda liwe jina kuu, na la kibao liingie kwenye sehemu ya jina rasmi, ambayo OSM inayo. Kituo kinachoitwa kwa jina la baa iliyobomolewa kabla hujazaliwa ndicho abiria atakachokitamka, na ndicho atakachokitafuta.

Kuna vitu ambavyo naomba tukatae kuvikusanya. Namba za magari, hapana. Nani kageuzia wapi na siku gani, hapana. Nawajua wanaoguna sasa hivi, nami pia kugeuziwa njiani kunanikera. Lakini siku data yetu itakapotumika kumpiga konda faini, siku hiyohiyo vijana wetu watashushwa kwenye magari, na mradi utakufa kabla ya mvua za masika. Sisi tunaandika ruti inavyopita muda mwingi wa siku. Malalamiko ya abiria yana mahali pake. Vilevile njia zilizorekodiwa na GPS za wanaojitolea tutazikata mwanzo na mwisho kabla ya kuzihifadhi, maana karibu kila rekodi inaanzia mlangoni kwa mtu.

Nije kwenye jambo linalonipa wasiwasi kuliko msimbo, nalo ni nani atautunza. Mnakumbuka kisa cha xz, Machi 2024. Hiyo ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo ndani ya karibu kila kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea ambaye alikwisha kusema hadharani kwamba amechoka. Akaja mchangiaji mwenye jina la Jia Tan. Akasaidia, akavumilia, kama miaka miwili, mpaka akapewa funguo, yaani haki ya kutoa matoleo mapya. Kisha matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma ndani yake, wa kumwingiza mtu kwa siri. Andres Freund, mhandisi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kulichelewa karibu nusu sekunde na hilo likamsumbua. Watu wengi walichukua pale somo la kuwashuku wageni. Mimi nililoliona ni mtu mmoja aliyeachwa na mzigo wa dunia nzima, na watu wakimfokea kwa kuchelewa.

Kwa hiyo sitaki funguo za mradi huu ziwe kwangu. Hazina ya msimbo iwe chini ya akaunti ya jumuiya, na watunzaji wasipungue watatu, wasiotoka ofisi moja wala chuo kimoja. Mabadiliko yoyote yasomwe na wawili kabla ya kuingia, yakiwemo yangu. Anayetaka kupumzika aseme, aandikwe amepumzika, na asiulizwe sababu. Nimeona miradi mizuri ya hapa nyumbani ikizimika kwa sababu mwenyewe alipata kazi Nairobi au alipata mtoto. Yote mawili ni heri, na mradi haukupaswa kufa kwa ajili yake.

Leseni ya msimbo napendekeza Apache 2.0, inayomruhusu yeyote kuutumia hata kwenye bidhaa iliyofungwa. Najua humu kuna wafuasi wa GPL, leseni inayotaka kinachojengwa juu ya msimbo nacho kibaki huria, watakaonisubiri nje, na hoja yao naiheshimu. Sababu yangu ni fupi. Kinachohitaji kulindwa kisifungiwe ni data, na data tayari inalindwa na ODbL. Kifaa cha kukagua nataka kisambae mpaka kwenye kampuni ndogo za hapa zinazoogopa neno GPL bila hata kulisoma. Kwenye michango tusiwatwishe watu mikataba mirefu. Utaratibu wa Linux wa tangu 2004, wa mchangiaji kutia saini yake kwenye kila mabadiliko kuthibitisha ana haki ya kuyatoa, unatutosha.

Majadiliano yawe kwa Kiswahili. Majina ndani ya msimbo yabaki Kiingereza, kwa sababu maktaba zote tunazozitegemea ziko hivyo na mchanganyiko ungetuumiza kichwa. Lakini ripoti za hitilafu, mwongozo, na ujumbe unaotoka kwenye programu, Kiswahili kiwe mbele. Anayezijua ruti za Buza vizuri kuliko wote huenda hajawahi kuandika hitilafu kwa Kiingereza maishani mwake, na huyo ndiye ninayemhitaji.

Fedha hakuna. Nalitaja ili lisije kuulizwa kwa kunong'ona. Gharama halisi ni nauli za wanaopanda magari kurekodi, na bando. Nauli tutaibeba wenyewe kwa kuchora ruti tunazopanda kila siku kwenda kazini na chuoni, na mwanzoni hilo linatosha. Bando linagusa jinsi tunavyoandika programu. Kampuni ya Geofabrik hutoa kila siku faili la OSM la Tanzania nzima, lakini ni zito kwa bando la mwanafunzi. Kwa hiyo seva moja italishusha, itakata kipande cha Dar es Salaam peke yake, na wengine watashusha hicho kidogo. Programu iende kwenye kompyuta yenye kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 4. Atakayeleta uboreshaji unaodai 16 nitampinga mimi mwenyewe, hata kama msimbo wake unang'aa.

Nilicho nacho mkononi leo ni toleo dogo linalofanya kazi. Linasoma data, linapata mapengo, linapata vituo vilivyo mbali na barabara. Kutoa GTFS bado. Majaribio ya msimbo ni machache, mwongozo haupo. Linus Torvalds alipoitangaza Linux Agosti 1991 alikuwa na kitu kidogo kinachowaka, na akawauliza watu wangependa nini kiwemo. Silinganishi ukubwa, nauiga utaratibu: nimeleta kinachowaka ili tubishane juu ya kitu kinachoonekana.

Mnaloweza kuamua leo kabla hatujatawanyika ni kama jumuiya inakubali kuupa mradi nafasi kwenye akaunti yake kwa majaribio ya miezi sita. Mkikubali, tunahitaji watunzaji wawili zaidi hapohapo, na ningefurahi kama mmoja atakuwa mtu aliyekwisha kuchora OSM kabla ya leo na mwingine ni mmoja wa hao wa kwenye soketi. Miezi sita ikiisha bila ruti 20 zilizo nzima, kwenda na kurudi, mradi ufungwe na msimbo ubaki wazi kwa atakayeutaka. Mkikataa, naomba sababu ziandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, ili atakayekuja na wazo hili mwakani azikute. Muda wangu uliobaki ni wa maswali, na ningependa tuanze na wale wanaoona jambo hili halifai.